Mwanamke wa Kihengeni na Wanyama wa Jalalani: Uchambuzi wa Visanamu vya Çatalhöyük

Katika uwanda wa Konya, kusini mwa Uturuki ya kati, kuna kilima cha magofu kiitwacho Çatalhöyük, ambapo watu waliishi kwa zaidi ya miaka elfu moja, tangu takriban mwaka 7100 hadi karibu na mwaka 5950 KK. Wakazi wake walilima ngano na shayiri, walifuga kondoo na mbuzi, waliwinda ng'ombe mwitu, na walijenga nyumba za matofali mabichi zilizobanana ukuta kwa ukuta bila vichochoro, kiasi kwamba mtu aliingia kwake kwa kupita juu ya mapaa na kushuka kwa ngazi. Wafu wao waliwazika chini ya sakafu zilezile walizolalia. Walifinyanga pia visanamu vya watu na wanyama, na vilivyokwisha kuorodheshwa vinakaribia 2,000. Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha jinsi kisanamu kimoja kati ya hivyo kilivyofanywa msemaji wa vyote, na jinsi uchimbaji wa baadaye ulivyolazimisha hesabu hiyo ipigwe upya.

Kisanamu hicho kiliibuliwa mwaka 1961, katika msimu wa kwanza wa uchimbaji ulioongozwa na James Mellaart, mwanaakiolojia Mwingereza ambaye pamoja na wenzake alikuwa amekitambua kilima hicho mwaka 1958. Kilikuwa ndani ya kihenge cha nafaka, katika tabaka la juu, yaani la kipindi cha mwisho cha makazi hayo. Ni mwanamke mnene wa udongo uliochomwa, ameketi wima, matiti na tumbo vimemshuka, na mikono yake imetulia juu ya vichwa vya wanyama wawili wa jamii ya paka, ambao wengi huwaona kuwa chui, mmoja kila upande. Ukikitazama kwa nyuma unaona mikia ya wanyama hao imepanda juu ya mgongo wake kuelekea mabegani. Kati ya miguu yake kuna kitu cha mviringo ambacho Mellaart alikichukulia kuwa kichwa cha mtoto anayezaliwa. Jambo ambalo maelezo mengi ya picha zake huliacha ni kwamba kilipotoka ardhini hakikuwa na kichwa. Kichwa cha mwanamke, pamoja na kile cha mnyama mmoja, ambavyo mgeni anaviona leo katika Jumba la Makumbusho ya Ustaarabu wa Anatolia jijini Ankara, ni kazi ya mafundi wa karne ya ishirini waliokikarabati.

Mellaart alisema huyu ni Mungu Mama, mtawala wa wanyama na mtoaji wa uhai, na kwamba kuwekwa kwake kihengeni kulikuwa kuombea mavuno. Hatupaswi kumdhania kwamba alibuni tu. Aliona vyumba vyenye picha ukutani, mafuvu ya mafahali yaliyopakwa lipu na kupachikwa kwenye kuta, na maumbo yaliyotanua mikono na miguu, na akavitangaza zaidi ya vyumba arobaini kuwa mahali patakatifu. Ndani ya mazingira ya namna hiyo, mwanamke mwenye mwili mkubwa aliyewashika chui wawili alionekana kukamilisha picha. Wasomi wa wakati wake walikuwa tayari wamelelewa katika dhana kwamba wakulima wa kwanza wa Mashariki ya Karibu na Ulaya waliabudu mama mmoja mkuu, na baadaye mwanaakiolojia Marija Gimbutas akaipanua dhana hiyo hadi kuwa historia nzima ya Ulaya ya kale iliyokuwa, kwa maoni yake, ya amani na yenye kuwaweka wanawake katikati. Çatalhöyük ikawa mahali pa kuhiji kwa wafuasi wa imani hiyo, na hata wachimbaji wa baadaye walilazimika kukaa nao na kuzungumza nao kwa heshima, jambo ambalo naamini walilifanya vema.

Lakini dhana hiyo ilikuwa na ufa tangu mwanzo, na aliyeuonyesha mapema alikuwa mwanaakiolojia Peter Ucko. Katika maandishi yake ya mwaka 1962 na 1968 alidai kwamba mtafiti hawezi kutazama umbo la kisanamu peke yake na kutangaza kazi yake. Ni lazima aeleze kimetoka wapi hasa, kimetengenezwa kwa kitu gani, kimevunjika namna gani, na vingine vilivyopatikana pamoja nacho ni vipi, vikiwemo vile vya wanaume, vile visivyo na jinsia na vile vya wanyama. Alitaja pia kwamba katika jamii zinazojulikana visanamu hutumika kwa mambo mengi mno: kufundishia vijana, kuchezea watoto, kuagulia, kuombea mtoto. Kwa Çatalhöyük swali hilo lilikuwa zito kwa sababu Mellaart mwenyewe alikuwa amepata sanamu za wanaume, baadhi yao wenye ndevu, na wanyama tele wa udongo, ambao hawakupata hata sehemu ndogo ya umaarufu wa yule mwanamke.

Uchimbaji wa Mellaart ulisimama mwaka 1965, na kilima kikakaa kimya hadi mwaka 1993, mwanaakiolojia Ian Hodder alipoanzisha mradi mpya uliodumu kwa miaka 25. Tofauti kati ya vipindi hivyo viwili ndiyo kiini cha kisa hiki. Mellaart alichimba kwa kasi kubwa, vyumba kwa mamia katika misimu minne, na macho ya wafanyakazi wake yalinasa vile vilivyo vikubwa, vizima na vizuri. Mradi wa pili ulikwenda kwa mwendo wa pole sana: udongo ulichekechwa, sehemu yake ikaoshwa kwa maji ili mbegu na vipande vidogo vielee au vibaki kwenye wavu, na kila tabaka la taka, jivu au lipu likapewa namba yake. Kinachobaki kwenye chekeche ni vitu vya sentimita mbili au tatu: mguu wa mnyama, ncha ya pembe, kiwiliwili kisicho na kichwa. Vitu hivi vidogo ndivyo vilivyobadilisha uwiano.

Timu ya visanamu iliyoongozwa na Lynn Meskell na Carolyn Nakamura ilipohesabu upya, kundi lililokuwa kubwa kuliko yote lilikuwa la wanyama wa miguu minne pamoja na pembe zilizofinyangwa peke yake. Baada yao walifuata viumbe wenye umbo lililofupishwa: kichwa kilichobinywa juu ya kiwiliwili kisicho na mikono, miguu wala alama yoyote ya kuwa mwanamume au mwanamke. Wanawake walio dhahiri hawakufikia asilimia 5 ya jumla. Zaidi ya hayo, visanamu vingi havikutoka katika mahali palipotengwa kwa heshima. Vilitoka katika majalala yaliyokuwa kati ya nyumba, katika jivu, na katika vifusi vilivyojazwa kwenye nyumba kuukuu kabla ya kujenga mpya juu yake. Makaburini ni nadra kuvikuta. Ikiwa watu hawa waliwawekea wafu wao shanga na vikapu, lakini hawakuwa na desturi ya kuwawekea visanamu, basi huo ni ushahidi, na unastahili kupewa uzito uleule anaopewa mwanamke wa kihengeni.

Inafaa kumtazama mnyama mmoja wa kawaida kwa karibu, kwa maana vitabu vyenye picha za kupendeza huwapita. Ni donge la udongo wa palepale uwandani, dogo kiasi cha kuenea kwenye kiganja na kufichika ukikunja ngumi. Mfinyanzi amelibinya mara chache tu: binyo mbili zimetoa miguu ya mbele, mbili miguu ya nyuma, moja imevuta pua, na vidole viwili vimenyanyua pembe. Mahali pengine alama za vidole bado zinaonekana juu ya udongo. Halikuchomwa katika tanuri. Likiwa limeiva, mara nyingi ni kwa sababu lilianguka karibu na moto au lilitupwa pamoja na jivu la moto. Kazi yote ingeweza kumalizika kwa muda ambao mtu hukaa jikoni akisubiri maji yachemke. Miguu hukatika upesi, pembe hukatika upesi zaidi, na kisha donge hilo hutupwa pamoja na mifupa na maganda. Ni vigumu kuona sanamu ya ibada hapa, ikiwa kwa ibada tunamaanisha kitu cha kuwekwa, kutunzwa na kuinamiwa. Ni rahisi zaidi kuona tendo: kufinyanga, kuonyesha, kusimulia, kisha kuacha.

Hata hivyo, sikubaliani na wale waliorukia upande wa pili na kusema kwamba basi ni vitu vya kuchezea watoto. Kutupwa jalalani kunaeleza mwisho wa kitu, hakuelezi kilifanya nini kabla ya hapo. Tena majalala ya Çatalhöyük hayakuwa mahali pa kudharauliwa kama tunavyofikiria leo: yalikuwa maeneo ya wazi kati ya nyumba ambako shughuli za kila siku zilifanyika, moto uliwashwa, na tabaka kwa tabaka yakawa sehemu ya msingi wa nyumba zilizofuata. Meskell alisisitiza kwamba vitu hivi vilikuwa vya kutengenezwa na kutumiwa siku hadi siku, na nadhani kauli hiyo ni sahihi mradi tusigeuze neno la kila siku kuwa neno la kitu kisicho na uzito.

Hoja ya mahali patakatifu nayo ilidhoofika. Wachimbaji wa mradi wa pili walipochunguza sakafu za vyumba vya aina ile ambayo Mellaart aliita mahekalu, walikuta mafiga, majiko, vihenge, chembe za takataka za kutengenezea zana za obsidiani, yaani lile jiwe jeusi la volkano lenye kung'aa, na masizi yaliyoganda katika tabaka za lipu. Zilikuwa nyumba za kuishi watu. Baadhi zilipambwa kuliko nyingine, na baadhi zilibeba wafu wengi kuliko nyingine, lakini hakuna iliyokuwa hekalu lenye makuhani wake. Kihenge cha mwaka 1961 kilikuwa kihenge ndani ya nyumba.

Pigo jingine lilitoka kwa mnyama. Yale maumbo ya ukutani yaliyotanua viungo, ambayo Mellaart aliyasoma kama mungu wa kike anayejifungua, yote yalikuwa yamekatwa vichwa na viganja kabla ya nyumba kufukiwa, kwa hiyo hakuna aliyeweza kuthibitisha ni nani. Mwaka 2005 ukapatikana muhuri mdogo wa udongo wenye umbo lilelile la kutanua mikono na miguu, na huu ulikuwa na kichwa chake na nyayo zake: ni dubu. Muhuri mmoja hauwezi kueleza kila ukuta, lakini baada ya ugunduzi huo hakuna anayeweza tena kuzitumia kuta hizo kumtetea Mungu Mama bila kwanza kumjibu dubu huyu.

Basi visanamu vya wanawake vinasemaje, vikiachwa viseme vyenyewe? Kwanza, vile vyenye miili mikubwa vimejikusanya katika matabaka ya juu, baada ya mwaka 6500 KK hivi, wakati wanyama na yale maumbo yaliyofupishwa walikuwepo katika muda wote wa makazi. Mungu aliyeabudiwa tangu mwanzo hangechelewa kutokea kwa karne nyingi namna hiyo. Pili, kichwa ni tatizo la makusudi. Vingi havina kichwa, na baadhi vina tundu shingoni ambalo linaonyesha kwamba kichwa kiliweza kupachikwa na kuondolewa. Jamii hii ndiyo iliyofukua baadhi ya makaburi yake ili kuchukua mafuvu, ya wanaume na ya wanawake, na mwaka 2004 ilipatikana maiti ya mwanamke aliyezikwa akiwa amekumbatia fuvu la mtu mwingine lililopakwa lipu na rangi nyekundu. Kichwa kinachoondoka na kurudi kilikuwa na maana kwao, katika mifupa na katika udongo pia.

Kisanamu kinachonishughulisha kuliko vyote ni kile kilichopatikana mwaka 2005, ambacho kwenye kumbukumbu za mradi kina namba 12401.X7. Kwa mbele ni mwanamke wa kawaida wa aina yake, matiti yamejaa na mikono imewekwa juu yake, na tumbo limejitokeza. Ukikigeuza unakutana na mifupa: uti wa mgongo, mbavu, mabega na nyonga vimechorwa kama vya mtu aliyekauka. Juu kuna tundu la kupachikia kichwa. Kilitoka katika jivu na taka. Ukimweka mtu huyu mbele ya nadharia ya rutuba na uzazi pekee, nadharia inashindwa kummeza, kwa kuwa upande wake wa nyuma ni kifo. Hodder na wenzake wamependekeza kwamba ni mwanamke aliye mzee au aliyekwisha kuwa mhenga, anayebeba uhai na ufu kwa pamoja, na mimi naona hapo ndipo mjadala ulipopata mwelekeo wenye afya, kwa sababu pendekezo hilo limetokana na kitu kilichopo mbele yetu, pande zake zote mbili.

Mwaka 2016 uchimbaji ulitoa mwanamke mwingine, safari hii wa jiwe jeupe la jamii ya marumaru, mzima kabisa, mwenye urefu wa sentimita 17 na uzito wa kilo moja. Huyu hakutupwa. Aliwekwa chini ya baraza ya ndani ya nyumba pamoja na kipande cha obsidiani. Vyombo vya habari viliharakisha kumrudishia jina la mungu wa kike. Lakini kinachomtofautisha na wanyama wa jalalani ni mambo yanayoweza kupimika: jiwe gumu lililohitaji siku nyingi za kusugua badala ya binyo chache, ukamilifu badala ya kuvunjika, na kufichwa kwa makusudi badala ya kuachwa. Tunaweza kusema kwa uhakika kwamba kitu hiki kilithaminiwa na kwamba mtu alikilaza pale kwa nia. Kuanzia hapo kwenda kwenye jina la mungu ni hatua ambayo ushahidi haujaichukua.

Kuna wanaohofia kwamba kumwondoa Mungu Mama ni kuwaondoa wanawake katika historia ya Çatalhöyük. Hofu hiyo naielewa, lakini ushahidi wa mifupa unaijibu vizuri kuliko visanamu. Vipimo vya kemikali ya mifupa vimeonyesha kwamba wanawake na wanaume walikula vyakula vinavyolingana, na masizi ya moto wa ndani yaliwaathiri wote. Mwaka 2025 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa vinasaba vya watu 131 waliozikwa katika nyumba 35, ambao ulionyesha kwamba uhusiano uliowaunganisha watu wa nyumba moja ulipitia zaidi upande wa kikeni, na kwamba watoto wa kike walizikwa na vitu vingi kuliko wa kiume. Kwa hiyo nafasi ya mwanamke ilikuwa kubwa, na pengine nyumba ilikuwa yake kuliko ilivyokuwa ya kaka yake aliyeoa kwingine. Mtu asidhani, hata hivyo, kwamba matokeo haya yanamrejesha Mellaart mlangoni. Yeye alikisoma cheo cha wanawake kutoka kwenye kisanamu kimoja. Uchunguzi huu umekisoma kutoka kwenye miili ya watu wenyewe.

Wanyama nao wanahitaji kusomwa kwa mizani hiyohiyo, kwa kuwa Çatalhöyük ina makundi matatu ya wanyama yasiyolingana. Mifupa ya mlo imetawaliwa na kondoo na mbuzi. Kuta zimetawaliwa na fahali mwitu, chui na matukio ya mawindo. Chui, ambaye ukutani amechongwa mara nyingi, karibu hayupo kabisa katika mifupa; ukucha mmoja uliotobolewa ndio uliopatikana, na ulikuwa kwenye kaburi la yule mwanamke aliyekumbatia fuvu. Udongo upo katikati: hapo pembe zinapewa nafasi ya kwanza, na spishi mara nyingi haikujaliwa. Naona katika pembe hizo mawazo ya watu waliokuwa wakila kondoo huku wakimsimulia fahali, na kwa muda mrefu wa makazi hayo fahali alikuwa bado ni wa porini, wa kuwindwa kwa hatari na kuliwa kwa karamu. Mellaart aliripoti pia wanyama wa udongo wenye majeraha ya kuchomwa, akawahusisha na dawa ya uwindaji. Wazo hilo si la kutupwa, kwa sababu huko 'Ain Ghazal, karibu na Amman nchini Yordani, katika makazi ya Enzi Mpya ya Mawe, ng'ombe wawili wa udongo walikutwa shimoni chini ya sakafu ya nyumba wakiwa wamechomwa kwa vipande vya gumegume ambavyo bado vilikuwa mwilini mwao. Hao wawili walifanyiwa jambo fulani, mahali fulani, mara moja, na hilo tunalijua kwa sababu waliowachimba waliandika walivyokuwa wamelala.

Hapa ndipo msomaji wa Afrika Mashariki anapokuwa na la kuchangia. Hans Cory, mzaliwa wa Austria aliyefanya kazi ya utafiti wa jamii kwa serikali ya Tanganyika, alichapisha mwaka 1956 uchunguzi wake juu ya visanamu vya udongo vilivyotumika katika unyago na jando, kwa Wasambaa na Wazigua miongoni mwa wengine, na sehemu ya mkusanyiko wake ikahifadhiwa katika makumbusho ya Dar es Salaam. Vingi vilikuwa vya udongo usiochomwa: watu, wanyama, vyombo. Kila kimoja kilitolewa mbele ya mwali pamoja na wimbo wake, na wimbo ndio uliobeba fundisho, juu ya ndoa, heshima, uzazi au hatari ya uasherati. Mtu asiye na wimbo angemwona mnyama wa kawaida na kumpita. Uzito wa kitu ulikuwa katika saa ile ya kungwi na mwali. Udongo wenyewe haukuhitaji kudumu.

Simaanishi kwamba Çatalhöyük ilikuwa na unyago. Kati ya Usambara na Konya hakuna uzi wa kihistoria wa kuufuata, na miaka elfu kadhaa imelala kati yao. Ninachodai ni kwamba kumbukumbu za Cory zinathibitisha kitu ambacho pande zote mbili za ubishi wa Konya zilikikosa: kisanamu kilichofinyangwa upesi na kuachwa upesi kinaweza kuwa na fundisho zito, bila kuwa mungu na bila kuwa mwanasesere. Nyimbo za Çatalhöyük zimepotea. Vilivyobaki ni mahali kitu kilipolala, namna kilivyovunjika, na jirani zake katika jivu, na vyote hivyo vimeandikwa kwa namba katika hifadhidata ambayo mradi wa Hodder uliiweka wazi mtandaoni, ili kila pembe ya udongo iweze kurudishwa katika jalala lake na mtu yeyote anayetaka kuhesabu upya.